Mwendo Wangu Chini ya Leso

Chechelesi, Isiolo
2 Novemba 2024

Dada Kathure,

Bwana asifiwe. Huko Doha u mzima? Sisi hapa tuko salama, na mama bado anauliza kama unakula. Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikikupigia simu nitalia.

Watu wa kina Mworia wanakuja kuniposa Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Moyo unadunda kwa furaha, kisha nakumbuka ule mchezo wa leso. Tutafunikwa gubigubi mimi na mabinti wengine, tupite mbele ya wageni, na Mworia anitafute. Anitafute nini? Nitakuwa yule anayeyumba. Yeye anaijua MS yangu, huu ugonjwa wa neva. Watu wake hawajui. Juzi kanisani mkono ulitetemeka nikamwaga chai, mama mmoja akanong'ona, "Huyu siku hizi anakunywa asubuhi." Nikiwa na wasiwasi ndiyo inazidi, mguu wa kushoto unaburuta. Mama mkwe akidhani nimelewa je? Nataka mchezo ufutwe, nikae tu kwenye kiti.

Mdogo wako,
Gacheri

Doha, 3 Novemba

Gacheri wangu,

Habari ya nyumbani? Mimi mzima, na mwambie mama nakula mpaka sare inanibana. Kwanza hongera! Nimepiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Sasa sikiza. Usifute kitu. Waambie hao mabinti wenzako, kina Kananu, wote wapite wakiyumba na kuburuta mguu kama wewe. Tuone huyo Mworia atafanya nini! Lakini mchezo ukiisha, jisemee mwenyewe kabla hujasemewa.

Dada yako,
Kathure

Isiolo, 4 Novemba

Dada,

Kazi inaendaje? Na kichwa chako, kiko sawa? Ati niwafundishe watu kuyumba! Nimekasirika, halafu nimecheka peke yangu jikoni mpaka mama akaja kuangalia. Sijui, dada. Naogopa.

Mdogo wako,
Gacheri

Isiolo, 17 Novemba

Dada! Dada!

Hujambo? Mimi leo sijambo hata sijui niseme vipi.

Tulitoka tumefunikwa, wote tunaburuta mguu. Kananu akazidisha kama mbuzi aliyekanyaga mwiba. Mworia akatukagua, akarudi, akakuna kichwa, akamshika Kananu! Kelele zake! Shangazi wakamtoza Mworia faini ya mbuzi papo hapo, naye anaapa kwamba mwendo ni ule ule.

Walitaka kuturudisha ndani tuanze upya. Sikungoja. Nilijitoa kwenye mstari, nikiyumba kwa kweli sasa, nikajifunua mbele ya wote. Nikasema, "Ni mimi. Nina ugonjwa wa neva, unaitwa MS. Sijalewa. Hivi ndivyo ninavyotembea."

Mama yake Mworia akainuka, akaushika mkono wangu unaotetemeka. "Unauma?" akauliza. Nikamwambia hauumi, ila unanitia aibu. "Basi mimi nitakaa upande huu," akasema, na tukala hivyo, kijiko changu kikigonga sahani.

Dada, mwaka mzima nimekuwa nikijificha machoni pa watu. Jana nilipofunikwa kabisa, nilishindwa kungoja kuonekana.

Mdogo wako,
Gacheri