Mlango wa Kempa Ulioshinda Mafundi Watatu

Kivumbini,
Nakuru.
14 Juni 2025

Mpendwa Anko Ogola,

Kabla sijakusalimia, kaa chini nikuambie: kutoka Gilgil mpaka Mau Narok hakuna fundi wa milango kama mimi. Siku hizi nikipita mtaani, milango inajifunga yenyewe kwa heshima.

Haya sasa, salamu. Hujambo huko Juba? Mgongo unaendeleaje? Na joto? Tulisikia unalala nje ya nyumba kama ng'ombe. Nilicheka, nikakuonea huruma, halafu nikacheka tena. Sisi tuko wazima. Dada yangu Akeyo yuko Form Four na ameanza kunisahihisha Kiswahili, kwa hivyo ukiona makosa humu ujue barua nilimficha.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako haishiki tangu wiki jana, na Wanyonyi wa lori anapita hapa kesho asubuhi akija huko. Pia wewe mwenyewe ulisema mwisho wa mwezi utaamua kama kile kibanda chako cha ufundi hapa jua kali kitakuwa changu kabisa, ama utampa Kinyanjui aweke spea zake. Basi soma hii yote kabla hujaamua. Yote, Anko.

Mvua imekuwa nzuri. Mbele ya kibanda kuna dimbwi kubwa mpaka bata wa Wanjugu muuza viazi wamehamia. Nakuru sasa ni jiji lakini dimbwi halijaambiwa.

Sasa sikia kazi. Kuna mama anaitwa Mama Tabby, ako na kempa. Hii ni gari ya kulala: lori kuukuu amelijengea nyumba mgongoni, na vitanda, jiko na tanki ya maji, anakodishia wageni wanaozunguka maziwa. Shida ilikuwa mlango wa nyuma. Ikifika matuta ya Gilgil, unafunguka wenyewe. Mwezi jana ilitapika sufuria mbili na godoro katikati ya barabara kuu. Mama akaapa mlango ukifunguka tena, gari anaiuza.

Fundi wa kwanza aligonga ulimi wa kitasa na nyundo. Wa pili akapanua shimo na tupa. Wa tatu akafunga mlango na waya, akamwambia mama aombe Mungu.

Ilipofika kwangu, yule jirani yetu Muiruri, wa kunyoosha bodi, akaanza mdomo. "Kijana, Form Two ilikushinda, hii ndio utaiweza?"

Nikamwambia, "Form Two haikuwa na kitasa."

Halafu nikavuta mkebe, nikakaa mbele ya mlango nusu saa bila kushika spana, vile ulinifunza. Nikaona alama inayong'aa kwenye ile chuma ya fremu inayopokea ulimi. Ulimi ulikuwa unagonga chini ya shimo, unaingia nusu tu. Lakini nikifunga mlango pale pale gari ikiwa imesimama, ulimi unaingia wote! Nikauliza, "Mama, hii gari ikisafiri huwa tupu?"

"Tupu aje na wewe? Maji, gesi, watu wanne na mizigo yao!"

Hapo nikajua. Wale wote watatu waliirekebisha ikiwa tupu. Ikibeba uzito, nyumba inapinda kidogo, fremu inaondoka mahali pake. Ni kama kupimia mtu suruali kabla hajala.

Nikasema mlango huu utarekebishwa gari ikiwa imeshiba. Tukajaza tanki. Nikaomba Wanjugu magunia mawili ya viazi vyake vya Mau Narok. Muiruri nikamwambia apande, maana huyo peke yake ni gunia tatu. Alipanda akinitukana. Na Dani, mama yako mzazi, alikuwa ameniletea chakula cha mchana, naye nikamkalisha kitandani kama uzito wa mwisho. Alifurahi, akasema godoro ni laini kuliko la kwake.

Anko, fremu ilishuka upande wa bawaba mbele ya macho yangu, ulimi nao ukashuka! Nikakaza bawaba zote tatu, ya juu nikaiwekea washa, kile kipete cha chuma. Ile chuma ya fremu nikailegeza, nikaishusha unene wa shilingi kumi, nikaikaza. Kitasa nikakifungua chote, nikakiosha na mafuta ya taa, nikakirudisha. Nikasukuma mlango na vidole viwili. Tak! Jua kali yote ilisikia. Muiruri, aliyekuwa ameshatoka kwenda kuvuta sigara, alirudi kuufungua na kuufunga mara saba kama mtoto. Akasema, "Huyu ni wa Ogola kweli." Hayo ni maneno yake, si yangu.

Mama Tabby hakuamini mpaka matuta. Akafunga kwa ufunguo, tukapanda mbele yeye na mimi, tukaenda Gilgil na kurudi, viazi vikiwa nyuma kama uzito. Matuta yote tuliyapita kwa kasi makusudi. Mlango haukutikisika. Mama akasema wenzake wawili wenye kempa atawaleta kwa kibanda cha Ogola, na akakitaja hivyo hivyo, kwa jina lako.

Akeyo anakusalimia, Wanjugu pia, Muiruri anauliza ukirudi utamletea nini. Mungu akulinde barabarani na akupunguzie hilo joto.

Nimebakisha salamu za Dani.

Huko njiani nilisikia kitu kinagonga nyuma. Mama Tabby akauliza ni nini. Nikamwambia, "Hiyo ni mitungi ya gesi. Wewe sikia mlango ulivyonyamaza." Mimi nilidhani Dani alishuka na Muiruri. Kumbe alikuwa amelala kitandani nyuma ya magunia. Aliamka tukiwa barabarani, akashika mkono wa ndani wa mlango, ukazunguka bure. Nilipokuwa narudisha kitasa nilikuwa nikimjibu Muiruri, nikasahau skrubu ya huo mkono. Tulipofungua Nakuru alikuwa amekaa juu ya viazi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kile alichokuwa akigongea.

Hakuumia. Nimemkagua, na Akeyo amemkagua. Lakini kitu cha kwanza alisema ni, "Nipigie Ogola." Amekupigia kila siku tangu Jumatano, ndio maana nimefurahi kidogo kuwa simu yako haishiki.

Skrubu nimeirudisha. Nimejifungia ndani ya ile kempa mara kumi na mbili na kutoka, Mama Tabby akihesabu. Lakini siku ile sikujaribu hata mara moja kutoka ndani, Anko, na kama kungekuwa na moto huko nyuma singekuwa na barua ya kukuandikia. Nilikuwa naongea. Hilo ndilo kosa, na ni langu peke yangu.

Wako anayekupenda, na fundi wako mpaka Dani akupate kwa simu,

Okeyo