Zamu ya Maji ya Aminieli

Mamba Miamba, Same
9 Februari 2023

Mwanangu Leticia,

Hujambo huko Morogoro? Mimi mzima, magoti tu. Mama yako anakusalimu.

Tangawizi zangu zinakufa. Jani linakuwa njano, ukishika shina linang'oka, chini kumeoza, kunanuka. Mimi! Mimi niliyewafundisha watu wa hapa tangawizi! Ni nyanya za baba yako mdogo Aminieli. Shamba lake liko juu yangu. Zilinyauka kwanza zake, maji yakateremka na ugonjwa. Nimesema kwenye kikao cha ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, akanyimwa zamu yake. Nikisema mimi, nani atabisha?

Nimekutumia mfuko kwa basi. Tangawizi iliyooza, na mashina ya nyanya zake. Nimetia na kipande cha mbegu yangu ya gulioni, ile nene niliyogawia nyumba kumi na moja, wakubwa zako wa maabara waone mbegu ya mwanaume. Pimeni. Nataka karatasi yenye mhuri.

Baba yako

Morogoro
20 Juni 2023

Shikamoo Baba,

Magoti yanaendeleaje? Mama mfikishie shikamoo yake.

Tumesoma vinasaba vyote vya bakteria uliotutumia, tukavilinganisha. Wa nyanya na wa tangawizi ni ukoo mmoja, lakini kila mmoja amezoea mlango wake. Wale wa Baba mdogo hawana funguo za tangawizi. Tuliwatia kwenye tangawizi nzima ndani ya chungu, ikabaki kijani. Walioliua shamba lako tumewakuta ndani ya kile kipande cha mbegu. Walewale, Baba.

Nakusihi, mrudishieni Baba mdogo maji. Na zile nyumba ziambie zisipande tena mbegu ile. Nakutumia vipande kumi visafi.

Mwanao, Leticia

Mamba Miamba
2 Julai 2023

Leticia,

Marahaba. Sisi wazima.

Nilikusomesha ili unitukane kwa mhuri? Bakteria ana ukoo? Ana funguo? Jembe umeliacha darasa la saba, leo unanifundisha mbegu! Vipande vyako nitavipanda kwa Aminieli, palepale nyanya zake zilipofia, nivimwagilie kwa ndoo. Vioze, uone haya.

Mwenyewe hayupo. Kakosa maji, kateremka kukata mkonge na miaka yake sitini na sita. Alipita hapa na panga lake akasema, "Kaka, shikamoo." Sikuitika.

Baba yako

Mamba Miamba
14 Desemba 2023

Mwanangu Leticia,

Uko salama? Magoti usiulize.

Tulimzika Aminieli Jumanne ya wiki iliyopita. Najua ulipiga simu kwa mama yako ukalia. Alianguka huko kwenye mkonge, panga mkononi, saa sita ya jua.

Vipande vyako kumi vimeota vyote kumi. Kijani, vinene, kwenye udongo uleule. Shamba langu halijawahi kutoa tangawizi kama ile, na unanijua, si kawaida yangu kusema hivyo.

Jumapili nilisimama kanisani wakati wa matangazo. Nikaziambia nyumba zote kumi na moja zing'oe, zichome moto. Nikasema ni mimi.

Zamu yake ilikuwa Alhamisi. Leo nimefungua ndiva, maji yakaenda shambani kwake mpaka mfereji ukafurika, hakuna aliyekuja kuyafunga. Nikapanda nikafunga mwenyewe. Nikasimama pale kwenye tope.

Marahaba, nikasema. Kwa sauti.

Baba