Mita ya Kulwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimegeuza mayai, nimejaza maji kwenye trei ya mashine ya kutotolesha. Joto zuri. Vumbi la karasha limeingia hadi kwenye uji. Pacha wangu Kulwa anasaga mawe ya dhahabu kwa mashine hiyo tangu alfajiri, ukuta kwa ukuta na mimi. Katoro nzima inampenda. Mimi simpendi.

Jumanne, 4 Machi
Mafundi wamefunga mita mpya. Hizi zinazimwa kutoka ofisini Geita, hakuna kupanda nguzo. Fundi alipofika kwangu akauliza, "Wewe ndiye Kulwa?" Tunafanana hadi mwanya. Nikaitikia. Akabofya simu yake, akaenda kufunga ya pili.

Utamu ulioje, kuitwa Kulwa. Yeye alitangulia kutoka tumboni, akapata jina la mkubwa. Mama ni Mama Kulwa. Baba, Baba Kulwa. Hakuna aliyewahi kuitwa kwa jina la Doto.

Ijumaa, 7 Machi
Kulwa amewachekesha wateja wake: "Msimsumbue Doto, anaatamia." Wamecheka hadi kushika mbavu.

Nimeipigia simu ofisi ya umeme. Nimesema Kulwa anaiba umeme. Haibi. Nataka karasha inyamaze mbele ya hao hao waliocheka. Dada wa simuni kasema wanazima kwanza, wanakagua baadaye. Safi.

Jumamosi, 8 Machi
Umeme umezimwa. Kwangu. Karasha inanguruma.

Nimepiga tena. Nimejibiwa kwamba mita ya ukutani kwangu imeandikwa Kulwa, imezimwa kwa wizi, mkaguzi ni Jumatatu.

Mayai yameanza kutoboka. Vifaranga wanalia ndani.

Kulwa kaja na waya mrefu. "Chomeka kwangu, Doto, watakufa hao." Nikamwambia umeme unarudi sasa hivi. Angeingia, angeuliza sababu. Nimefunga mlango.

Jumapili, 9 Machi
Nimefunika mashine kwa blanketi. Sijaenda kanisani. Sauti zimepungua, kisha zikaisha.

Jumatatu, 10 Machi
Mkaguzi hakukuta wizi. Umeme umewashwa. Alimwambia Kulwa kwamba aliyechongewa ni yeye, majina yalipishana tu.

Kulwa kachimba shimo nyuma ya choo, tumezika vifaranga pamoja. Alikuwa analia. "Walinilenga mimi, mdogo wangu, ikakupata wewe. Nisamehe."

Nimemwambia nimemsamehe.

Jioni nimeosha trei. Karasha haijawashwa leo.