Hilda ndani ya buti

Debora, weka hiyo sufuria chini usome. Natoka kanisani sasa hivi, Hilda wetu, mtunza sare za kwaya, alikuwa amefungiwa ndani ya buti la gari lake.

Sare za kwaya alizotoka nazo Chamwino zimeota kuvu. Mzee Nikodemo, mwenyekiti wa kwaya, akamwambia mbele ya watu, "Umezikunja mbichi, binti. Uvivu huo." Hilda akasema buti linavuja. Wakacheka.

Basi akajitosa mwenyewe humo butini na kitenge chake, tochi ya simu mkononi. "Fundi Meshack, funga. Mwagia maji huko nyuma nione yanapoingilia."

Yakaingia. Raba ya taa ya kushoto imepasuka, maji yanateremka mpaka chini ya zulia. Anataka kusema ameliona tobo, akamsikia Nikodemo nje, anawanong'oneza wenzake: "Hata likivuja, tulishakubaliana. Ufunguo wa kabati la sare apewe mkwe wangu."

Hata likivuja, Debora. Hata likivuja. Ndivyo alivyomwondoa Cecilia kwenye kinanda mwaka ule wa njaa. Wengine wamesahau, mimi sijasahau.

Meshack akafungua. Hilda akatoka amelowa chapachapa, akamwonyesha ile raba aibadilishe. Nikodemo kanyoosha mkono. "Pole, mwanangu. Sasa lete ufunguo."

"Shikamoo, mzee," akamjibu, akampita.

Sare mpya zote zimo kabatini na ufunguo bado anao Hilda. Kesho kwaya itaimba na nguo za nyumbani.