Wembe wa Lusiano

Kamwene, mjukuu wangu Neema.

Huku Ipogolo tu wazima, ila baridi inamtesa babu yako magoti. Umeniuliza, wewe unayesomea tiba ya matamshi, zamani tulimchaguliaje tiba mtoto asiyetamka vizuri. Hatukuchagua. Mdogo wangu Lusiano aliita ndizi "ndidi". Wazee wakasema ana udata, ulimi umeshikwa chini, wakamkata kwa wembe. Kila mtoto dawa yake ilikuwa wembe huohuo. Hakuna aliyekaa kumsikiliza kwanza. Kidonda kikapona, "ndidi" ikabaki, wakamkata tena. Basi akaacha kuongea mbele za watu.

Wewe wasikilize, mama, kabla hujashika chochote. Jana nilimwambia Lusiano kwamba unasomea kutibu matamshi ya watoto. Mzee mzima, akaziba mdomo kwa kiganja.

Bibi yako