Karatasi Mbili za Sikio Moja

Tirana, tarehe 9 Novemba

Dada yangu Fatbardha,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto, nikiomba barua hii iwakute wazima huko Ioannina. Mama hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua. Najua umenipigia mara nyingi na sikupokea. Hujanikosea, dada. Simu ndiyo siiwezi, na nitakueleza.

Unaijua kazi yangu: hedifoni kichwani saa nane, kuwauzia Waitaliano umeme kwa simu. Mwezi wa tisa mzee mmoja, aliyechoka kupigiwa, alisubiri nimalize salamu kisha akapuliza filimbi kwenye simu. Niling'oa hedifoni nikainama juu ya meza. Tangu hapo sikio la kulia linalia kama birika linalochemka, halinyamazi. Msimamizi wetu, Arben, aliniambia ninywe kahawa, litapita. Halikupita, nami nikawa naongeza sauti ili niwasikie wateja, na kila nikiongeza, jioni linalia zaidi.

Jirani yangu wa meza, Vjollca, naye alikuwa na shida hiyohiyo. Alikuwa akinitania, "Wewe bibi, mbona unapiga kelele kama unauza samaki?" Lakini yeye hakunyamaza kama mimi. Aliandika barua kwa wakubwa akidai hedifoni zinazokata kelele za ghafla, na mapumziko ya masikio kila baada ya muda. Wakubwa wakajibu kwamba tutapimwa sote.

Nikashikwa na hofu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na mwenye sikio bovu nani atamwongezea? Daktari aliniketisha kwenye kijumba cha kioo, akaniagiza nibonyeze kitufe kila nisikiapo mlio.

Sasa dada, hili hata mama sijamwambia. Sikusikia. Nilikuwa nautazama mkono wa daktari kwenye kioo, ukisogea, nabonyeza. Cheti kikatoka safi. Wiki iliyofuata Arben akakisoma mbele ya wote, akininyooshea kidole: Mirlinda anakaa meza ya pili yake, anavaa hedifoni zilezile, na masikio yake ni mazima, basi Vjollca ni mvivu anayetafuta kisingizio. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Vjollca alinitazama, akakusanya vitu vyake. Hakurudi tena.

Zikapita siku kumi na moja. Jumapili nikaenda kwao. Mama yake akanimiminia kahawa, nami nikamwambia Vjollca yote, macho yangu yakiwa chini. Nilitegemea matusi. Akasema, "Kumbe uliniuza na wewe mwenyewe husikii." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kapime tena. Usije kwangu na machozi, njoo na karatasi."

Nilikwenda juzi, kwa daktari mwingine. Safari hii nilifumba macho. Nikasubiri mlio wa kwanza, nikasubiri, mpaka nikadhani mashine haijawashwa. Nilipofumbua macho, daktari alikuwa ameshaandika nusu ukurasa. Akanieleza taratibu kwamba sauti nyembamba zimenitoka upande wa kulia, na kilichokufa hakifufuki. La kushoto bado linaweza kulindwa, nikiacha kulipigia kelele.

Jumanne saa nne tunakwenda kwa mkaguzi wa kazi. Nitaweka mezani karatasi zote mbili, ya uongo na ya kweli, na nitasema nani alidanganya. Huenda wakanifukuza siku hiyohiyo. Vjollca amekubali kuja, ila amesema hajanisamehe, na mimi sikumwomba.

Usimwambie mama kwanza. Atalia, na mimi nitalazimika kumsogelea nimsikie.

Wabusu watoto. Niandikie upesi, hata mistari miwili. Maneno yako nataka niyapate yote.

Mdogo wako akupendaye,
Mirlinda