Beseni la Idi na Mchele wa Rangi

Mama Clotilda mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako haraka maana kitumbua changu kimeingia mchanga na Idi ndiyo hii inabisha hodi. Mimi ni mwalimu wa chekechea tuliyofungua mwaka jana hapa Gerezani, watoto wa Kiswahili na wa Kihindi wote wamo, na nimepata wazo linalonikosesha usingizi kwa raha: nina kitabu cha hadithi ya mtoto Waridi aliyepoteza bangili yake siku ya kuamkia Idi, basi nikajaza mchele kwenye beseni kubwa, nikautia rangi za ukili, zile za kusukia mikeka, nyekundu, kijani na zambarau, nikafukia bangili, tende, vikombe vya kahawa na mwezi wa kadibodi, ili msomaji akitaja kitu watoto watie mikono wapapase mpaka wakipate, na nilipomjaribishia Tanvi, mtoto wa jirani, alicheka mpaka akakaa chini. Msomaji ni mama mkwe wangu, Bi Maimuna, ninayeishi naye, anayejua kusimulia kuliko hata redio, na watoto nimeshawaahidi. Jana alikuja kuliona beseni, akachota mchele kiganjani, akasema, "Adamu nilimlea kwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada miaka ya njaa, na huo nao nikiupangia foleni tangu alfajiri. Leo mchele mnauchezea?" Akaondoka, na sasa hasomi. Adamu, mume wangu, ananicheka tu, eti mama atapoa. Mwalimu mwenzangu anasema nitafute msomaji mwingine, lakini mimi namtaka yeye, na beseni langu nalipenda. Nifanye nini?

Siwema, Gerezani

Siwema mwanangu, marahaba. Nimekusoma huku natabasamu, maana mwalimu anayekosa usingizi kwa ajili ya beseni ni mwalimu hasa. Sasa kaa nikuseme. Rangi ya ukili ni ya mikeka, na mtoto wa miaka mitatu kila anachoshika kinaenda mdomoni, tena umemwekea na tende humo humo. Mchele huo hauliki wala hauchezewi, ufukie, usiwape hata kuku. Na haya umeyafanya mwezi wa kufunga. Wewe unaona magunia yamejaa sokoni siku hizi, mwenzio anakumbuka sufuria tupu na mtoto analia, na mtoto mwenyewe ndiye huyo Adamu anayekucheka.

Nenda Kariakoo leo hii, kwa mafundi cherehani. Wanashona nguo za Idi kutwa nzima, na vipande vya vitambaa vimewajaa miguuni, satini, khanga, vitenge, vingine laini, vingine vya kukwaruza. Omba mfuko mzima, fua, anika, jaza beseni. Watoto watapapasa mpaka wachoke. Tende wape mkononi.

Kisha mfuate mama mkwe wako, bila Adamu. Usianze na beseni, wala na ahadi uliyowapa watoto. Mwombe radhi, kaa chini, umwulize habari za zile foleni, umsikilize mpaka amalize. Umeishi naye nyumba moja na hujawahi kumwuliza. Hadithi ya bangili itasubiri, ya kwake itangulie, na msikilizaji ni wewe.